Besi ya Kwanza, Saa Kumi na Robo

Mgeni akipita nyuma ya maghala yale ya Turffontein, Johannesburg, hataona kitu cha kumsimamisha. Ataona nyasi zilizofika magotini, uzio uliolala upande mmoja, na nyuma yake kilima cha taka za mgodi chenye rangi ya unga wa dengu. Upepo ukivuma, vumbi la kilima hushuka polepole juu ya nyasi na kuning'inia hewani, mpaka mtu asijue kama anachokitazama ni vumbi au ni mwanga tu wa alasiri.

Ameir Makame, mlinzi wa ghala la tatu, huona mistari. Kila siku ya kazi, akishaswali alasiri kwenye kona yake penye uzio, husimama kidogo mikono nyuma na kuutazama uwanja wa besiboli kama ulivyokuwa: mraba uliosimama kwa pembe, besi nne nyeupe, na chokaa aliyoimwaga kwa mkono wake mwenyewe, Jumamosi baada ya Jumamosi, kwa misimu saba. Ana miaka sitini na miwili. Macho yake yameanza kufifia kwa vitu vya karibu, hata ujumbe wa simu husomewa na mkewe. Lakini mistari ile, ambayo mvua za miaka kumi na mitatu zimekwisha kuiosha, anaiona sawasawa.

Waliocheza pale walikuwa watu wa Ligi Ndogo ya Kusini. Ligi hiyo ilianzishwa mwaka 1961 na mafundi wa karakana za reli na viwanda vya kuyeyusha chuma, wazungu tupu kama sheria za wakati ule zilivyotaka, na haikuwahi kuwa kubwa. Ilikuwa ngazi ya chini ya besiboli ya mkoa: timu sita, michezo ya Jumamosi, na kwa bingwa kombe la bati pamoja na nafasi ya kujaribiwa katika ligi ya juu. Miaka ya themanini nusura ife kwa kukosa watu. Miaka ya tisini ilifunguliwa kwa wote. Wakaingia Wareno waliotoka Msumbiji, wakaja vijana wa Soweto waliopanda teksi mbili kufika mazoezini, kisha wakaja Wakongo na Warundi waliopanga vyumba Rosettenville na hawakuwa na la kufanya siku za Jumamosi. Ilipofika 2005, timu tatu kati ya sita zilikuwa zikigombana kwa Kiswahili.

Mwaka huo uwanja wa zamani uliuzwa ukawa maegesho ya magari. Katibu wa ligi, fundi mstaafu aliyeitwa Steve, alipata ruhusa ya kutumia kiwanja kitupu nyuma ya maghala. Akamkuta Ameir getini, akamuuliza kama angependa kazi ya ziada: kufyeka nyasi, kupima uwanja, kumwaga chokaa. Ameir, ambaye alikuwa ametoka Wete, Pemba, miaka sita nyuma na hajawahi kuona mchezo huo hata kwenye televisheni, alikubali papo hapo. Alipewa kamba, vigingi vinne na karatasi ya vipimo.

"Uelekee wapi?" aliuliza.

"Popote, ilmradi mpira usivunje madirisha ya watu," Steve akasema. "Ila unyooke. Sipendi uwanja uliopinda."

Ilikuwa Julai, mwezi wa baridi kavu, nyasi zikivunjika chini ya kiatu kama biskuti. Ameir alizunguka kiwanja na kamba yake mkononi akitafuta mstari ambao angeweza kuuapia kwamba umenyooka. Alikuwa nao mmoja tu. Kwenye kona ya uzio palikuwa na matofali saba, yaliyopangwa na imamu mmoja aliyekuja na dira, kumwonyesha kibla. Kutoka Johannesburg kibla ni kaskazini, kwa kuinamia mashariki kidogo. Ameir akaufuata mstari wa matofali yale. Kutoka besi ya mpigaji, kupitia kichuguu cha mrushaji, hadi besi ya pili na kuendelea mpaka ukingo wa mwisho wa nyasi, uwanja mzima ukaelekea Makka.

Hakumwambia mtu. Halikuwa jambo la siri, wala hakuna aliyemuuliza. Lakini Jumamosi asubuhi, umande ukiwa bado chini na farasi wakisikika kwa mbali kwenye uwanja wa mbio, alipotembea na ndoo yake ya chokaa akinyoosha mstari, alihisi uwanja umelala kifudifudi ukitazama kule anakotazama yeye. Watu hupenda nyumba, wengine hupenda gari. Ameir aliupenda uwanja ule, na sababu yake aliijua peke yake.

Machi ya kwanza ndipo alipoona kasoro.

Katika besiboli mpigaji akiupiga mpira hukimbilia besi ya kwanza, iliyo mkono wake wa kulia. Mlinzi wa besi hiyo kazi yake kubwa ni kudaka mipira anayorushiwa na wenzake, na mingi mirefu hutoka ng'ambo, kwenye besi ya tatu. Kwa hiyo siku nzima anatazama huko. Julai, Ameir alipopima, jua la alasiri lilishukia pembeni kabisa. Desemba lilishukia pembeni upande wa pili. Lakini jua husafiri mwaka mzima kutoka pembe moja hadi nyingine, na katika safari hiyo, wiki ya tarehe ishirini na moja Machi, saa kumi na robo, hukaa juu ya besi ya tatu kana kwamba limewekwa pale kwa rula. Ameir alikwenda kusimama kwenye besi ya kwanza ahakikishe. Hakuona besi, hakuona uzio, hakuona kilima. Aliona weupe tu.

Angeweza kung'oa vigingi na kuugeuza uwanja kwa siku moja. Lakini angeulizwa kwa nini ulielekea kule tangu mwanzo, na jibu lenyewe alilisikia tayari kwa midomo ya wenzake: mlinzi kageuza uwanja wetu msikiti. Tena palikuwa na kitulizo. Fainali ilichezwa kila mwaka siku ya sikukuu ya taifa, tarehe ishirini na moja, ikaanza saa tano asubuhi, na saa nane watu walikuwa wamekwisha kuwasha mkaa wanachoma nyama. Jua la saa kumi na robo halikumkuta mchezaji hata mmoja uwanjani. Ameir akanyamaza. Msimu wa pili akanyamaza, na wa tatu, hata kunyamaza kukawa kama kufyeka nyasi, sehemu ya kazi.

Mwaka 2012, asubuhi ya fainali, ilinyesha mvua.

Nyota wa Rosettenville walicheza na Farasi wa Turffontein, na mchezo ulianza saa nane badala ya saa tano. Mlinzi wa besi ya kwanza wa Nyota alikuwa Emery Byamungu, msusi kutoka Uvira, kijana wa miaka ishirini na minane mwenye glavu ambayo watu walisema ina sumaku. Ikafika zamu ya mwisho. Nyota walikuwa mbele kwa pointi moja, Farasi wana wakimbiaji wawili besini, na palibaki kumtoa mpigaji mmoja tu mechi iishe. Mpigaji akaubiringisha mpira kuelekea besi ya tatu. Ukaokotwa vizuri, ukarushwa vizuri, juu kidogo. Emery akainua glavu. Mpira ukampita sikioni. Wakimbiaji wawili wakaingia, pointi mbili, Farasi wakashinda, na wa pili alikuwa shemeji yake Emery, kaka wa mke aliyemwoa Desemba iliyotangulia.

"Jua!" Emery alipiga kelele. "Lilikuwa jua!"

Parfait, mrushaji na nahodha wa Nyota, Mkongo wa Bukavu mwenye mdomo usio na breki, alivua kofia yake akaitupa chini. "Jua? Misimu minne unasimama pale, jua limezaliwa leo?" Kisha akawageukia wenzake. "Ng'ombe za mahari hazikutosha, jamani. Kaongeza na kombe."

Watu walicheka, na kicheko kile ndicho kilichofanya neno likae. Walipigana pale pale, kwanza wawili, kisha timu mbili. Kesho yake, saa tano asubuhi, saa pekee waliyokubali kuja, Emery aliwaburuta Parfait na wenzake wachache uwanjani waone. Jua lilikuwa juu, upande mwingine kabisa. Ameir alikuwa akikusanya vigingi.

"Shekhe," Parfait akamuita, "weye uko hapa kila siku. Mtu akisimama pale, jua linamsumbua?"

Ameir anakumbuka kigingi kilivyokuwa mkononi, na udongo mbichi uliokishika. Anakumbuka Emery alivyomtazama, kama dereva aliyeona robot, taa ya barabarani, inageuka kijani.

"Mimi mlinzi tu," alisema. "Sijui mambo ya mpira."

Msimu uliofuata haukuwepo. Mfadhili alisema hatoi jezi kwa watu wa kupigana, timu mbili zikajitoa, Steve akahamia kwa binti yake pwani. Ligi ya miaka hamsini na moja ikaisha bila hata barua.

*

Jumatano ya tarehe kumi na tisa Machi mwaka huu, Kagendo alifika getini. Ni Mkenya, mhadhiri wa historia katika chuo kikuu kimoja cha mjini, na kwa miaka miwili amekuwa akiandika kitabu juu ya Ligi Ndogo ya Kusini. Alikaa kwenye kiti cha plastiki cha Ameir, Ameir akakaa juu ya kreti.

"Mzee, mimi nataka tu kujua chokaa," alisema. "Ilikuwa ya aina gani, na ulikuwa unachora saa ngapi. Hayo mengine yote nishapata."

"Mengine yepi?"

"Vile ligi iliisha." Akafungua kompyuta yake mapajani. "Nikusomee?"

Akasoma, kwa sauti ya mtu asiye na haraka, kwamba ligi ilivunjika baada ya fainali ya 2012, ambapo Emery Byamungu wa Nyota aliachia mpira rahisi uliowapa ushindi Farasi, timu ya shemeji yake. Na kwamba wachezaji kumi na tisa kati ya ishirini na wawili waliohojiwa wanaamini alifanya makusudi.

"Na mwenyewe anasemaje?" Ameir aliuliza.

"Amekataa kuongea. Nimeenda kwa saluni yake mara tatu. Ya tatu akaniambia ama nikae nisukwe ama nitoke." Akashika nywele zake. "Nikasukwa. Masaa manne, Mzee, na hakusema neno. Lakini si amenitendea haki?"

Zilikuwa nywele nzuri, mistari iliyonyooka kama imepimwa kwa kamba.

"Kitabu kinatoka lini?"

"Kinaenda kwa mchapishaji tarehe thelathini na moja. Baada ya hapo hakuna kubadilisha kitu."

Ameir alimweleza juu ya chokaa. Alieleza vizuri, kwa kirefu, mpaka juu ya ndoo iliyotobolewa na kasi ya kutembea, na Kagendo akaandika kila kitu. Alipoondoka, Ameir alibaki kwenye kreti. Mpaka siku ile lile neno lilikuwa la saluni na vijiwe, linasemwa na kusahauliwa, linasemwa tena. Sasa lingechapwa. Vitukuu wa Emery wangelisoma.

Jioni Mwatumu, mkewe, alimtazama akisukuma wali sahani nzima.

"Unakula kama mgonjwa, Baba Nusaiba. Kuna nini?"

Akamwambia. Hakuwa amemwambia mtu maisha yake, na maneno yalitoka bila mpangilio: matofali kwanza, kisha mvua, kisha jua, kisha Parfait na swali lake. Mwatumu alisikiliza mpaka mwisho.

"Mie siku zote ukisimama pale nyuma ya ghala nikidhani una mke mwingine upande wa pili," alisema.

"Kheri angekuwa mke."

Mwatumu hakucheka. "Yule kijana ndiye aliyenisuka harusi ya Nusaiba wetu. Akanishika kichwa hivi, akaniuliza, Mama, Papa Ameir hajambo? Nikamwambia hajambo." Akaanza kukusanya sahani. "Na wewe ulikuwa hujambo kweli."

*

Saluni ya Emery iko Rosettenville, kati ya duka la samaki la Mreno na kanisa lililo katika chumba cha juu. Alhamisi mchana Ameir alisimama mlangoni. Emery, sasa mtu wa miaka arobaini na moja mwenye mvi za kwanza kidevuni, alikuwa akimsuka dada mmoja wa Kisotho.

"Papa Ameir! Karibu, karibu. Leo unakuja usukwe na weye?"

"Na kipara hiki?"

"Hata kipara tunatengeneza. Tunachora tu mistari."

"Kesho saa kumi, njoo uwanjani," Ameir alisema.

Mikono ya Emery ikasimama. "Uwanja gani?"

"Unaujua."

"Mimi sina uwanja, Mzee. Niko na kichwa cha huyu dada, kesho niko na vichwa vingine sita. Ni sikukuu."

"Nina la kukwambia, na hapa halisemeki. Lazima uwe umesimama palepale."

"Nilisimama pale ikatosha." Alisema kwa upole, kama anayemfungia mtu mlango taratibu asimbane vidole. "Kama ni yule mwalimu wa kitabu amekutuma, mwambie aandike anachotaka."

"Hajanituma mtu. Ni juu ya jua."

Vidole vya Emery vilirudi kwenye nywele, vikasuka msuko mmoja, vikaufumua, vikausuka tena. Dada wa Kisotho akamtazama kwenye kioo. Ameir aliaga akaondoka.

*

Ijumaa asubuhi alifyeka nyasi njia nne nyembamba. Hakuhitaji karatasi. Alianzia kwenye matofali yake, akavuta kamba, na pale kilipokuwa kigingi cha besi ya kwanza akaweka kipande cha boksi, na cha besi ya tatu vilevile. Alikwenda kuswali Ijumaa, akarudi. Kagendo alifika saa kumi kasoro, kama alivyoombwa, na mfuko wa machenza aliyoyanunua barabarani, ya mwanzo wa msimu, bado ya kijani.

"Mzee, kwani ni nini? Umenitisha kwa simu."

"Ngoja kidogo, mwanangu. Huyo aje."

Alasiri ilikuwa imetulia. Vumbi la kilima lilikaa hewani bila kutua, na mwanga uliopita ndani yake ulifanya kila unyasi uonekane umechovywa kwenye mafuta. Ameir alifikiri huenda Emery haji, na akajikuta, kwa aibu, akiomba asije. Saa kumi na dakika tano akamwona anapita penye uzio uliolala, akiwa na aproni yake ya saluni, kana kwamba alitoka kwa dakika moja tu. Emery hakumsalimu mtu. Alitembea moja kwa moja hadi kwenye kipande cha boksi, bila kuonyeshwa, akasimama juu yake.

Ameir alimfuata, akasimama hatua mbili nyuma.

"Uwanja huu niliuelekeza mimi," alisema. "Niliuelekeza kibla, kwa sababu ndio mstari niliokuwa nao. Sikukosea hapo. Kosa langu linakuja. Tazama besi ya tatu."

Emery akainua uso. Jua lilikuwa linafika. Lilishuka juu ya kipande cha pili cha boksi taratibu, kama mtu anayekaa kwenye kiti chake cha siku zote. Kwanza ulipotea uzio, kisha kilima, kisha Kagendo aliyekuwa amesimama kule na mfuko wake. Emery hakukinga macho. Aliyaacha wazi, na machozi yakamtiririka ya mwanga tu, au pengine si ya mwanga tu.

"Ulijua lini?" aliuliza bila kugeuka.

"Machi ya 2006."

"Na siku ile Parfait alipokuuliza?"

"Nilijua."

"Ukasema nini?"

"Nilisema mimi mlinzi tu, sijui mambo ya mpira."

"Sema tena."

Ameir alisema tena. Emery alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikiliza wimbo aliowahi kuukariri.

"Unajua mke wangu miaka miwili hakwenda kwa kaka yake? Ili watu wasiseme. Mtoto wa kwanza alizaliwa, mjomba hakuja." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na kawaida ile ilimuumiza Ameir kuliko matusi. "Lakini si hayo. Mimi mwenyewe nilifika mahali nikaamini. Nilikuwa najiona. Naona mpira unakuja vizuri, naona vidole vyangu vinafunguka, nauacha upite. Nilikuwa naona kabisa, Papa Ameir. Kitu ambacho hakikutokea."

"Nisamehe."

"Sijui. Ngoja kwanza."

Kagendo alikuwa amevuka uwanja akawasogelea, kompyuta yake ikiwa bado mkobani. Alikuwa amesikia ya kutosha. "Emery," alisema, "ile sura naweza kuiandika upya. Bado siku kumi. Niandike nini?"

"Andika jua lilikuwa pale."

"Na Mzee?"

Ameir alikuwa na jibu lake tayari, jina lake kamili na la baba yake, lakini Emery alitangulia.

"Na yake uandike. Yote, na matofali, na aliyoyasema. Yangu ilisemwa miaka kumi na mitatu, hakuna aliyeniuliza kama nataka." Akamgeukia Ameir kwa mara ya kwanza. Macho yalikuwa mekundu. "Lakini kitabu watu hawasomi. Watu wanasikia. Parfait uko na namba yake, mwalimu?"

Kagendo alikuwa nayo. Parfait ana duka la matairi mitaa miwili kutoka pale, na siku za sikukuu hakai mbali nalo. Kagendo alimwambia tu kwamba yuko kwenye uwanja wa zamani na anahitaji kuhakikisha jambo moja la kitabu. Parfait alifika baada ya dakika kumi, amenenepa, amevaa shati jipya la kitenge lenye tausi kifuani, anaongea kabla hajafika.

"Mama Profesa! Ni picha ya kitabu, si ndiyo? Mimi nimevaa ya picha..." Akamwona Emery, akakatisha.

Wanaume wale wawili wanaishi umbali wa kilomita moja na nusu. Hawakuwa wamesemeshana tangu siku ile.

"Mwambie," Emery akamwambia Ameir.

Ameir alimwambia. Mara ya pili haikuwa rahisi kuliko ya kwanza. Parfait alimsikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kidole gumba kikisugua kidole cha pete.

"Shekhe, nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza."

"Nilikuuliza mbele za watu, kwa heshima."

"Ndiyo."

"Eish, Shekhe." Kisha ukaidi wa zamani ukamrudia. "Lakini jua ni jua. Mchezaji anakunja macho, anadaka. Mimi ningedaka."

Emery alitoka kwenye boksi, akamwonyesha Parfait kwa mkono, kama anayemkaribisha mteja kitini. Akachukua mfuko wa machenza mkononi mwa Kagendo, akaukata uwanja kuelekea besi ya tatu. Waliobaki waliona mgongo wake na mikanda ya aproni ikiingia ndani ya mwanga, kisha hawakuuona.

Parfait akachuchumaa kidogo, mikono mbele, kama zamani. "Tupa basi!"

Chenza la kwanza lilimpiga begani. Hakuliona hata lilipoanguka. La pili lilipita juu ya kichwa. La tatu lilitua katikati ya tausi, likapasuka, na maji yake yakashuka hadi mkandani. Kagendo alifunika mdomo. Ameir hakucheka, ingawa Parfait mwenyewe alianza, kicheko kifupi kilichokatika chenyewe.

"Lingine," alisema.

Likaja lingine. Akakinga macho kwa mkono mmoja, akadaka hewa kwa mwingine. Likaja lingine. Alikuwa sasa anapepesa, anahema, maji ya machenza yamemchafua shingo na mikono, na uso wake ulikuwa umebadilika, umekuwa uso wa mtu anayefanya hesabu ndefu kichwani na kila anapofika mwisho anapata jibu lilelile. Kisha machenza yakakoma. Hakuna aliyejua kama yameisha au Emery ameacha kurusha. Jua lilikuwa limekaa pale pale.

Parfait alijinyoosha. Akaweka viganja vyote viwili juu ya macho.

"Emery!" aliita. Lilikuwa jina alilokuwa akilitaja miaka yote ile kwa watu wengine. "Emery, uko wapi? Sikuoni."

Ameir, aliyekuwa amesogea pembeni nje ya mstari wa jua, alimwona vizuri. Emery alikuwa amesimama kwenye besi ya tatu, mfuko mtupu mkononi, anatazama huku. Alimsikia. Alimwacha Parfait amtafute kwanza.